Koti Lililokaa kwa Fundi

Silibwet,
9 Februari 1971

Kwa Baba yangu mpendwa,

Hujambo, Baba? Kifua chako kinaendeleaje na ile baridi ya kambini? Sisi huku ni wazima, ila mvua imekataa kuja na ng'ombe wanatuangalia kama sisi ndio tumeificha.

Najua ukiona mwandiko huu utaiweka barua juu ya kabati bila kuifungua. Iweke tu, lakini usiitie motoni. Tangu niondoke hapo hatujaandikiana, na sikulaumu. Nilitoka wewe ukiwa kiwandani, nikakufunikia ugali mezani, nikaenda na mtu wa maziwa. Hakuna baba angepiga makofi.

Lakini Baba, mtu wa maziwa ana jina. Ni Kiptanui, na amenitunza vizuri. Ng'ombe aliwapeleka mwaka jana kule Nyaribari kwa Baba Mkubwa, kama inavyotakiwa, wakapokelewa wote. Wewe ndiye hukuja hata kuwaangalia pembe. Na kuna habari nyingine ambayo sijui kama imekufikia. Tuna mtoto, msichana. Nimempa jina la Mama. Watu wa hapa wana majina yao ya kutoa, wakatoa, lakini Kiptanui alisema huyu ni Yunia, na Yunia ndilo tunalomwita.

Sasa Baba, kilichobaki ni koti lako la baba mkwe. Kiptanui analijua hilo deni la heshima na linamsumbua. Kila akivaa viatu kwenda kanisani anasema, "Na Mzee bado hana koti letu." Shida ni kwamba ng'ombe anawajua, makoti hayajui. Alikwenda Kericho kulitafuta, akazunguka maduka yote, akarudi na kofia. Ya kwake. Hapa Silibwet kuna shati za shule na magambuti tu. Wewe umekaa karibu na ule mji tangu sijazaliwa. Tuambie, mtu akitaka koti la mzee wa heshima pale Kericho anaingia duka gani?

Jibu hata kama ni kwa kunigombeza. Nimekukosa sana.

Ni mimi mwanao,
Phelis

---

Kambi ya chai, Kericho,
21 Machi 1971

Phelis,

Salamu. Mimi ni mzima. Kifua ni kile kile.

Barua yako ilikaa juu ya kabati kama ulivyosema. Usifikiri unanijua sana.

Mimi sina haja ya koti. Makoti ninayo. Lakini kwa kuwa huyo kijana wako anaweza kuja tena mjini na kurudi na kofia ya pili, nitasema ninachojua, kwa faida yake mwenyewe, siku akitaka kujishonea.

Asiingie yale maduka ya karibu na stendi. Makoti yao hutundikwa nje tangu asubuhi, bega moja linapigwa na jua, lingine linabaki vile vile. Ukifika nyumbani ndipo unaona umevaa watu wawili. Kuna jingine lenye kioo kikubwa na sanamu ya mtu asiye na kichwa, amevaa suti, na watu husimama kumwonea wivu. Mimi nilijipenyeza nikamwona mgongoni. Wamelibana koti kwa pini kutoka shingoni mpaka kiunoni! Mtu gani atatembea na pini?

Aende kwa Hirji, ng'ambo ya posta. Hirji hana maneno mengi. Aombe kitambaa cha sufu, si hicho kinacholala mezani, bali cha rafu ya juu, kile ambacho lazima ngazi iletwe. Akikunje ngumini, akibane kwa nguvu, kisha akiachie. Kikibaki na makunyanzi akirudishe, ni cha kudanganyia watu. Kikinyooka chenyewe, anunue. Halafu kwenye baraza hilo hilo la Hirji anakaa fundi Mogaka, mtu wa kwetu, mwenye cherehani nyeusi. Huongea pini zikiwa mdomoni, asiogope. Amwambie bitana iwe ngumu na mifuko iwe na kifuniko. Mzee hawezi kuvaa koti ambalo mfuko wake uko wazi kama mdomo wa mtoto anayelia.

Hayo tu. Nasema tena, mimi sihitaji.

Ni mimi baba yako,
Ombati

Huyo mtoto, pua yake ni ya nani?

---

Silibwet,
18 Aprili 1971

Kwa Baba mpendwa,

Shikamoo Baba, na asante, asante! Kiptanui alikuwa shambani nilipoisoma, nikakimbia mpaka huko na unga mikononi. Tunatumaini u mzima na kwamba unakula. Mvua imekuja sasa, majani machanga ya chai yetu yamechipua, na mtoto ameota jino.

Pua ni ya Mama. Hata akikasirika inapanuka vile vile. Nikimwona hivyo hucheka, halafu huenda nje kidogo.

Baba, tumekubaliana. Koti litashonwa na Mogaka kwa kitambaa cha Hirji, cha rafu ya juu. Usiseme tena kwamba huna haja. Mtu asiye na haja haandiki kurasa mbili juu ya mifuko. Tunachotaka sasa ni vipimo. Mimi nakumbuka tu kwamba ukisimama mlangoni nyumba inaingia giza, na Mama alikuwa akisema, "Ombati, toka hapo, tuone chakula." Lakini Mogaka hawezi kushona giza. Tupe kifua, mabega na mikono.

Likiwa tayari, Kiptanui anasema atalifunga vizuri kwenye karatasi na kumpa dereva wa basi la Kericho, ambaye ni rafiki yake. Utalipokea pale getini kwenu bila kusumbuka.

Ni mimi mwanao,
Phelis

---

Kambi ya chai, Kericho,
2 Mei 1971

Phelis,

Salamu kwenu na kwa mtoto.

Dereva wa basi! Dereva wa basi ndiye aliyekuoa? Basi akilileta nimwite yeye mwanangu, nimchinjie kuku, nyinyi mkae huko mkinywa maziwa.

Wewe umeolewa mbali na unaanza kusahau, na huyo kijana hakuzaliwa kwetu, hawezi kujua. Kwa hiyo namweleza. Kwetu koti la baba mkwe haliletwi kama gunia la viazi. Mkwe huja nalo mkononi. Baba husimama, watu wakiwa wameketi wanaangalia. Mkwe humvisha, mkono huu, halafu huu, anakuja mbele, anafunga vifungo kwa vidole vyake mwenyewe. Akifunga cha mwisho, baba anamwita mwanangu. Kabla ya hapo hajala kwangu na mimi sijala kwake, hata kama tuna njaa. Babu yako alivishwa hivyo na waume wa shangazi zako, na mimi nilimvisha baba ya mama yako mikono ikinitetemeka, kwa sababu alikuwa mzee wa kunusa ugoro na alipiga chafya nikiwa kwenye kifungo cha kati. Sitavishwa na basi.

Vipimo ni vile vile vya zamani. Mogaka anavyo, alinishonea shati la kanisa mama yako akiwa hai. Sijapungua mahali popote. Awatengenezee hivyo hivyo.

Jambo lingine. Kampuni imeniambia mwisho wa mwaka nipumzike. Nyumba itapewa mtu mwingine, mimi nirudi Nyaribari. Kwa hiyo kama kuna mtu ana jambo la kufanya na mimi hapa Kericho, asilale sana.

Ni mimi baba yako,
Ombati

---

Silibwet,
27 Juni 1971

Kwa Baba mpendwa,

Hujambo Baba? Habari za kazi, habari za Mzee Kebaso jirani, bado anapiga domo? Sisi tuko salama.

Barua yako nilimsomea Kiptanui polepole. Alishika kichwa. Akasema, "Nilitaka kumtumia Mzee koti kwa basi! Asante Mungu hajanilaani." Halafu akanivisha mimi koti lake la mvua, mara tatu, akijifunza vifungo. Mama mkwe alipoingia alifikiri tumerukwa na akili.

Kitambaa kimenunuliwa. Ni buluu nzito, karibu nyeusi. Kiptanui alikikunja ngumini mpaka Hirji akamuuliza anagombana na nani. Mogaka ameanza kukata. Anasema litakuwa tayari mwisho wa Julai.

Ukirudi Nyaribari, Baba, tutaonana lini? Hilo neno "nipumzike" nimelisoma mara tatu. Na kule nyumbani nani atakupikia?

Kiptanui amepanga tukutane Kericho kwa Mogaka mwenyewe, akuvishe pale barazani, fundi na Hirji wawe mashahidi, na kama kuna mahali panakaza fundi arekebishe hapo hapo. Alisema Jumamosi. Nikamwambia Jumamosi ni Sabato, Baba hataingia dukani hata likigawa bure. Akasema basi Jumapili. Nikamwambia Jumapili ni yeye asiyetaka kutoka kanisani, na Hirji amefunga. Tukacheka, kisha tukachagua Jumatano, tarehe 4 Agosti, saa nane mchana. Omba ruhusa kwa nyapara. Nitakuja na Yunia.

Ni mimi mwanao,
Phelis

---

Kambi ya chai, Kericho,
11 Julai 1971

Phelis,

Salamu kwenu nyote.

Nimeomba ruhusa na nimepewa. Jumatano tarehe 4, saa nane, kwa Mogaka. Nitakuja.

Mfunike mtoto vizuri, mvua ya Kericho huanza saa hiyo.

Baba

---

Silibwet,
8 Agosti 1971

Baba,

Natumaini u mzima. Naandika hivyo kwa sababu nimefundishwa kuanza barua na salamu, na kwa sababu ilinibidi kumuuliza mtu wa kambini kwenu kama umekufa. Amesema hujafa. Amesema Alhamisi ulikuwa kazini kama kawaida.

Tulifika kabla ya saa nane. Kiptanui alikuwa amenyoa na kuvaa tai aliyoazima kwa mwalimu. Mogaka alikuwa amelipiga koti pasi mara mbili na kutema pini zote. Hirji alitoa kiti dukani kwa ajili yako, akakipangusa kwa mkono wake. Tukangoja. Mvua ikaja. Nikasema Baba anajikinga mahali. Mvua ikakatika. Nikasema nyapara amemchelewesha. Kiptanui alisimama pale ukingoni mwa baraza, koti likiwa mkononi mwake wakati wote, hakutaka kuliweka chini lisije likajikunja. Nilimpa mkate akakataa. Alisema hawezi kula kabla ya Mzee kufika. Basi la mwisho lilipopiga honi ndipo alipomrudishia fundi koti.

Kama hutaki, Baba, sema hutaki. Kama ni kwa sababu ya kabila lake, sema. Kama bado ni ule ugali niliokufunikia, sema, nije nipige magoti. Lakini usimwache mtoto wa watu asimame na koti mbele ya mji mzima kama anayeuza.

Nimeumia. Sitaficha.

Phelis

---

Silibwet,
19 Septemba 1971

Baba,

Salamu. Yunia anatambaa. Jana alijishika kwenye kiti akasimama.

Hujajibu. Koti bado liko kwa Mogaka. Kiptanui amekataa kulichukua.

Phelis

---

Kambi ya chai, Kericho,
17 Oktoba 1971

Kwa mwanangu Phelis,

Salamu nyingi kwako, kwa Kiptanui, na kwa huyo anayesimama. Mimi nipo. Barua zako zote mbili nimezisoma mara nyingi na kila nikishika kalamu naona afadhali nikapasue kuni.

Phelis, siku ile nilikuja.

Nilifika mapema kuliko nyinyi. Nilikuwa nimesimama ng'ambo ya barabara, kwenye baraza la duka la majembe, kati ya plau mbili. Nilikuona ukishuka. Umenenepa, imekupendeza. Nilimwona mtoto, ulikuwa umemvisha kofia nyeupe. Nikamwona yule kijana. Ni mrefu kuliko nilivyomkumbuka, na anasimama vizuri.

Halafu Mogaka akalitoa koti na kulikung'uta, nikaliona lote.

Lile koti ni la Ombati unayemkumbuka wewe. Mimi siye. Niliandika kwamba sijapungua, nikijua ni uongo. Nani apende kumwandikia mwanawe kwamba amepungua? Mtu akila peke yake, mwanangu, chakula hakimwingii. Unapika, unaketi, unaangalia kile kiti kingine, unapeleka nusu kwa kuku wa Kebaso. Shati la kanisa alilonishonea Mogaka sasa linaweza kunizunguka na kurudi. Siku ile suruali nilikuwa nimeifunga kwa kamba ya katani, na juu nilivaa lile koti la kaki la kiwandani, lililoungua mkono kwenye jiko la kukausha majani. Sina jingine. Nilikuandikia makoti ninayo. Ninalo hilo.

Nikajiambia, vuka tu, ni watoto wako. Niliweka mguu barabarani. Hapo mama mmoja mwenye gunia la mahindi akanishika mkono akaniuliza, "Mzee, wewe unabeba mizigo?"

Nikaangalia kule, kijana wako na tai yake, na kile kiti cha Hirji. Nikaona hivi: nikivuka sasa, atavua koti hili bovu mbele ya watu, ataona kamba, atanivisha lile kubwa, nami nitapotelea ndani yake, na wewe utajua. Nikamwambia yule mama ndiyo, nabeba. Nikajitwika gunia lake nikampelekea mpaka stendi ya mabasi. Alinishukuru sana. Sikurudi.

Wiki iliyopita nilikwenda kwa Mogaka peke yangu. Nilitaka alipunguze kimya kimya, lije kunikaa, halafu niwaandikie kwamba nilikuwa na homa. Akatoa pini mdomoni ili nimsikie vizuri. Akasema, "Mzee Ombati, hili si lako bado. Lina mwenyewe, na mwenyewe amesema asiliguse mtu mpaka akuvishe kwa mkono wake. Nani alimfundisha hayo, kama si wewe?" Nilimwomba nilijaribu tu. Akakataa hata kulitoa kwenye karatasi! Basi nikakaa kwenye benchi lake, chini ya hilo koti lililotundikwa, mpaka mvua ikapita, nikarudi kambini.

Si kabila, na si ugali. Ule ugali niliula. Ulikuwa mzuri.

Mwambie Kiptanui hakufanya kosa lolote.

Ni mimi baba yako,
Ombati

---

Silibwet,
14 Novemba 1971

Kwa Baba yangu mpendwa sana,

Shikamoo Baba. Barua hii ikukute umeketi na umekula. Mwambie Mama Mellen, mke wa Kebaso, nimesema akupikie mpaka nifike, na nitamletea wimbi.

Nilipofika kwenye lile gunia la mahindi sikuweza kuendelea. Kiptanui akaichukua barua kutoka mkononi mwangu, akaisoma mwenyewe, na Kiswahili cha kusoma kinamchukua muda. Alipomaliza akaenda kukamua. Alirudi na ndoo, akasimama mlangoni, akasema hivi, nami nakuandikia kama alivyosema:

"Mwambie Mzee kosa lipo, na ni langu. Baba mkwe haitwi mjini kama mteja. Mwenye koti ndiye anayetembea."

Kwa hiyo tunakuja kwako. Ni Jumatatu tarehe 13 Desemba, siku ambayo si yako wala si yetu. Usivae chochote cha pekee, na usijisumbue na kamba. Kaa nyumbani kwako tu. Waambie Kebaso na majirani wa laini yenu ya nyumba waje kuona. Koti tutalichukua kwa Mogaka tukipita.

Nilimuuliza Kiptanui kama Mogaka alipunguze. Aliwaza sana. Akasema hapana, lije kama lilivyo.

Baba, kuna jambo lingine la kwangu mimi. Usirudi Nyaribari. Njoo ukae hapa Silibwet. Kuna nyumba ndogo karibu na zizi, ina dirisha, tunaweza kuipiga chokaa. Naogopa kile kiti kingine ulichoniandikia.

Ni mimi mwanao,
Phelis

---

Nyaribari, Kisii,
6 Februari 1972

Kwa wanangu Phelis na Kiptanui,

Salamu za upendo. Nilifika salama na mpaka leo ni mzima. Kifua kinakohoa asubuhi tu, sasa sina king'ora cha kiwanda cha kuniamsha, naamshwa na kikohozi. Mtoto hajambo? Anatembea?

Mnisamehe kwa kuchelewa kuandika. Nyumba niliikuta imeingiwa na nyasi mpaka mlangoni na paa limezama upande mmoja. Wana wa Baba yenu Mkubwa walinisaidia siku mbili tatu, sasa wamerudi kwenye mambo yao. Kaburi la mama yako nimelipalilia. Mchana unapita. Jioni ndiyo ndefu. Kule kambini angalau Kebaso alikuwa akigombana na redio yake na mimi namsikia ukutani. Hapa nikizima moto hakuna anayekohoa ila mimi.

Juu ya ile nyumba yenye dirisha, asante. Nimeifikiria kila siku. Lakini mtu hazeekei kwa mkwe wake, Phelis, hata mkwe akiwa mwema namna gani, na mama yako siwezi kumwacha hapa na nyasi. Tafadhali usiniulize tena, kwa sababu nikiulizwa tena nitakuja.

Sasa nataka kukwambia jambo la siku ile ambalo hukuliona. Wewe ulikuwa nyuma na Mellen kwenye sufuria, ukaja tu uliposikia vigelegele. Kiptanui hajakwambia, najua, si mtu wa kusema.

Nilisimama kama inavyotakiwa. Nilikuwa nimeificha ile kamba chini ya shati. Akaja, akanivua koti la kaki, akalikunja vizuri kabisa kama ni la askofu, akaliweka kitini. Akanivisha mkono huu, halafu huu. Akaja mbele. Tukaona wote wawili. Mabega yalishuka mpaka hapa kwenye kiwiko, karibu, na mbele pangeingia mtu mwingine mzima. Kebaso na mdomo wake akasema, "Ombati, umeshaingia au bado uko njiani?" Wakacheka, na mimi nikatazama chini, nikatamani lile gunia la mahindi tena.

Kiptanui hakucheka. Alikwenda pale mkekani, akamwinua Yunia aliyekuwa anasinzia, akaja naye, akamweka hapa kifuani kwangu, upande wa kushoto, ndani ya koti. Halafu akafunga. Kifungo cha chini, cha kati, cha juu. Vidole havikutetemeka kama vyangu vya zamani. Likatukaa, Phelis. Lilitukaa vizuri kabisa, kama Mogaka alitupima sisi wawili. Mtoto akatoa kichwa chake kwenye ukosi, akaniangalia na ile pua, akalala. Hapo ndipo nilipomwita mwanangu, na hapo ndipo vigelegele ulivyovisikia.

Ulipokuja ulidhani nalia kwa ajili ya koti.

Siku ya kuondoka Kericho nilipita kwa Mogaka kumuaga. Alinigeuza, akanizunguka, akatoa chaki. Akasema alipunguze bure, kwa ajili ya mtu wa kwetu, itakuwa kazi ya saa moja tu. Hirji naye alitoka akasema sufu nzuri hivi isiachwe kuning'inia. Nikawaambia waliache.

Hapa watu hunishangaa. Naambiwa nimerithi koti la marehemu gani. Sibishani nao. Jioni nikikaa mlangoni navifunga vifungo vyote vitatu, na upande wa kushoto panabaki nafasi, baridi inaingia hapo. Mleteni kabla hajawa mkubwa kuliko hiyo nafasi.

Ni mimi Baba yenu,
Ombati